Siku moja maishani mwangu: kiti kisichokalika

Mimi ni fundi viti, Mwanga, Kigoma mjini. Nashona viti vya bodaboda, vya bajaji, makochi, mara mojamoja magodoro ya gesti. Mteja mpya akiingia ofisini huniangalia, kisha anachungulia nyuma yangu: "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Namwambia katoka, mimi namshikia vifaa. Akishacheka tunaanza kazi.

Mwaka jana mwalimu mmoja aliniomba nimtengenezee ngao na deraya (mavazi ya vita ya kukinga mwili) za sponji kwa ajili ya maigizo ya wanafunzi wake. Tangu hapo mtu akiwa na jambo la ajabu la kuvaa, analeta kwangu. Ndivyo alivyonipata huyu MC. Aliponipigia simu alisema ana kiti kutoka Uingereza, ndugu yake kamtumia, anataka nikitengeneze. Nikamuuliza cha gari au cha pikipiki. Akasema hapana fundi, ni kiti cha askari wa anga za juu. Nikajua nimepata kichaa. Kumbe kwa Kiingereza sanduku la vipande vya kujiungia mwenyewe linaitwa hivyo hivyo, kit, ila wao hawamalizii na i. Ndani yake mlikuwa na vipande vya deraya nyeupe ya huyo askari, ya MC kuvaa kwenye sherehe ya Jumamosi.

Picha ya vazi lililokamilika imeshazunguka kwenye simu za watu, na kila ninayekutana naye ananiambia, "Kumbe linakuja tayari, ninyi mnaunganisha tu." Tu! Basi nawapa Alhamisi yangu nzima.

Saa 12:00 asubuhi. Uji, sare za watoto, kiatu kimoja kimepotea, kiatu kimepatikana chini ya ndoo.

Saa 1:30. Nafungua. Dogo ninayemfundisha kazi keshafagia na kupanga mabenchi. Viti viwili vya bodaboda: tunang'oa pini, tunabadili sponji, tunavuta rexine, ile ngozi ya bandia, tunapiga pini. Saa 3:00 vimeondoka. Kazi ninayoijua haina hadithi.

Saa 3:15. Sanduku linashuka kutoka kwenye rafu. Ukilifungua unaona vipande vyeupe, vigumu, vinavyong'aa: kifua, mgongo, mapaja, miundi, mabega, mikono, kofia ya nusu mbili. Plastiki yake inaitwa ABS. Kofia nyingi za bodaboda ni hiyo, na yale matofali ya kuchezea ya LEGO pia. Karatasi ya plastiki inapashwa moto mpaka inalegea, inalazwa juu ya kalibu, halafu hewa inafyonzwa kutoka chini mpaka plastiki inaikumbatia kalibu. Kinachotoka ni umbo la paja au mkono, na pande zote kumebaki ukingo wa ziada kama chapati iliyozidi kikaango. Hakuna alama ya kushoto wala kulia, wala mstari wa kukatia. Karatasi ya maelekezo haikuwemo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukata. Unachora kwa penseli, unapitisha kisu mara mbili tatu bila kutoboa, kisha unapinda taratibu na plastiki inakatika yenyewe kwenye mstari. Ni kazi tamu ikikubali. Lakini mkono wangu umezoea kitambaa, na kitambaa ukikosea unafumua. Hapa ukikata sentimita moja ya kupita kiasi, umemkata mtu mguu. Ndiyo maana nakata kidogo, napima, nakata tena, na dogo ananiuliza kwa nini hatumalizi.

Na vile vipande vya ukingo havitupwi. Nusu mbili za mkono hazipandani. Zinakutana ukingo kwa ukingo, halafu ndani na nje unabandika utepe wa plastiki hiyohiyo, milimita 15 kwa mikono, 20 kwa miguu. Utepe huo unatoka kwenye masalio. Likumbukeni hilo la masalio.

Saa 4:00. Mzee wa kahawa anapita na birika lake. Anaangalia meza yangu iliyojaa miguu na mikono, anauliza nimeua nani. Namweleza kwamba vitu vimetoka Uingereza vipandevipande, vimekuja mpaka Dar, vimepanda treni, mimi naviunga. Hakushangaa hata kidogo. "Mbona Liemba ilikuja hivyohivyo," akasema, akanimiminia kikombe cha pili bila kuombwa.

Na kweli. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli iliyokuwa ndiyo kwanza inakamilika. Ikaunganishwa hapa kwetu kwa ribiti na kuingizwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, na 1924 ikaibuliwa. Nikamwambia dogo: unaona, mji huu una uzoefu wa vitu vya kwenye sanduku. Dogo akajibu kwamba ile angalau ilikuja na mafundi wake.

Saa 5:00. Ndiyo saa tuliyopatana na MC aje kupimwa. Hayupo. Tunatumia nafasi hiyo kurekebisha alichoharibu, maana kabla ya kuniletea sanduku alijaribu mwenyewe nyumbani. Alikata ukingo wa kifua na wa mgongo, kisha muundi mmoja, kwa kisu cha jikoni, na muundi huo akauunga nusu ya kushoto na nusu ya kulia, akagandisha kwa supa glu. Ukiutazama mguu ule ulikuwa na misuli miwili ya nje na hauna wa ndani.

Supa glu inashika kama laana, ila ni kavu, haina unyumbufu, na baridi inaizidishia ukavu. Nikaupeleka muundi kwa jirani anayeuza samaki, akauzika kwenye friza katikati ya migebuka. Baada ya saa moja na kidogo niliutoa, nikaupinda mara moja, tak, ukaachia safi. Wateja wake wawili walikuwa wamesimama hapo. Mmoja aliuliza hiyo ni bei gani kwa kilo.

Saa 7:10 mchana. MC anaingia, ameshiba, simu imeinuliwa, anajirekodi. "Niko kwa fundi wangu hapa, mambo ni moto!" Nikamwambia kaka yangu, shusha simu, vua viatu.

Sasa sikilizeni. Vipande hivi vimechongwa kwa kufuata mwili wa mtu mrefu na mwembamba. MC wetu ana sentimita 165, na kifua na tumbo vya mtu anayelipwa kula kwenye sherehe. Simsemi vibaya, ni mwili mzuri wa heshima, lakini plastiki haina huruma. Tulimvika kila kitu kwa selotepu ya karatasi kwanza, bila gundi, tuone. Miundi ilimfika juu ya magoti. Mapaja yalimpanda mpaka akawa anatembea kama bata. Kifua kilikaa vizuri, mgongo ulikaa vizuri, lakini ubavuni, pale vinapotakiwa kukutana, palibaki uwazi wa vidole vinne kila upande.

"Si uvute tu mama, kama unavyovuta rexine?"

Haivutiki. Uwazi unazibwa kwa kuongeza kipande, na kipande kinatoka kwenye masalio. Yaani masalio ya kifua na mgongo, makubwa, mazuri, bapa. Nikamuuliza yako wapi yale uliyokata nyumbani. Akatabasamu. "Nilichoma. Yalikuwa uchafu."

Nilitoka nje nikanywa maji.

Niliporudi tulianza kupunguza. Muundi: milimita tano chini, avae, apige hatua, avue. Tano nyingine, nyuma ya goti, ili apinde mguu. Avae, apige hatua, avue. Mara sita kwa mguu mmoja. Katikati ya hayo anapokea simu, anapatana na watu bei ya Jumamosi, na kila akiongea anageuka, mstari wangu wa penseli unahama. Kile kipande kinachopita katikati ya mapaja kilikuwa kinamkata kila akitembea, na hapo pa kupima na kuchora nikamwachia dogo, mimi nikageukia ukutani nikapanga bobini. Nikawasikia wanabishana. "Hapo hapo." "Hapana, juu." "Bro, juu wapi?" Ilichukua dakika ishirini na sitaki maelezo.

Nikasema wazi, mara mbili, mbele ya shahidi: ukishavaa mapaja usikae. Vazi hili halikaliwi. Hata huko kwao, watu wanaoyavaa kwenye maonyesho hubaki wamesimama au huegemea kiti kirefu. Nikageuka kuchukua tupa. Nikasikia benchi linalia, kisha sauti kama kijiti kikavu kinavunjwa.

Paja la kulia, nyuma. Mstari mweupe zaidi ya weupe wenyewe, maana ABS ikipindwa kupita uwezo wake inafifia rangi kabla ya kupasuka, na huu ulikuwa umeshapasuka kama sentimita nne. Akaniambia, "Fundi, nimechoka kusimama." Mimi niliyekuwa nimepiga magoti sakafuni mbele yake saa mbili nzima, nikamwambia pole.

Ufa unatibiwa hivi: unakatakata masalio madogo, unayaloweka kwenye asetoni mpaka yanakuwa uji mzito, unaupaka ndani na kubandika kiraka nyuma yake, ukikauka unapiga msasa. Inakuwa plastiki ileile, haionekani. Lakini masalio, jamani! Tulikusanya yale ya asubuhi, dogo akaokota hata chembechembe chini ya meza. Kwa ubavu nikaamua kutoziba kwa plastiki. Nilikata rexine nyeusi, nikaikunja mikunjo kama ya mfuko wa kinanda cha kuvuta, nikaipigia ribiti kwa ndani kila upande. Ikawa inatanuka akipumua. Yeye akasema imependeza kuliko ya kwenye picha. Nilijua tangu mwanzo kwamba rexine itaniokoa.

Halafu umeme ukakatika. Mkono wa kushoto ulikuwa haujafungwa sawasawa, ulihitaji kupashwa moto ukubali umbo, na kile kipuliza joto changu bila umeme ni pambo. Nikawasha jiko la mkaa, nikabandika sufuria ya ugali na maji. Plastiki hii inaanza kulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo maji yanayotokota yanatosha kuikunja kidogo bila kuiharibu. Unaichovya, unahesabu, unaitoa, unaishikilia kwa taulo kwenye umbo unalotaka mpaka ipoe. Vidole vyangu vitatu bado vina alama. Mama wa duka la pili alikuja kuuliza tunapika nini, akaona mkono unaelea kwenye sufuria, akaondoka bila kuaga.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipoondoka MC. Muadhini alikuwa ameshaadhini Magharibi. Akiwa mlangoni akauliza kwa nini hatugandishi kwa supa glu aondoke nalo leo leo. Nilimweleza tena. Gundi ninayotumia ni nzito, inabaki kama mpira hata ikikauka, mwili ukicheza nayo inacheza, na ukikosea unaweza kuibandua. Lakini inataka saa 24 ya kukomaa, ikiwezekana 72. Leo Alhamisi, sherehe Jumamosi saa 9:00 alasiri. Pigeni hesabu. Yeye alipiga, akasema, "Basi fundi, ipulizie feni."

Baada ya hapo kazi ikawa tulivu, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Umeme ulirudi. Tulipaka gundi, tukabana kwa klipu za nguo na sumaku za spika mbovu, moja ndani, moja nje, zinang'ang'aniana na plastiki katikati. Dogo akala muhogo na dagaa upande wake wa meza, mimi nikashona mikanda. Watu wanadhani deraya inasimama yenyewe. Inaning'inia. Mabega yanashikwa na lastiki, mapaja yanafungwa kwenye mkanda wa kiuno kwa lastiki, kila kiungo kinashikilia kingine kwa mikanda ya begi na vifungo vya kubonyeza, na hiyo mikanda ikikosewa kwa sentimita mbili, askari wako anatembea huku anamwagika. Hapo hakuna mtu Kigoma wa kunifundisha.

Kofia niliimaliza mwisho. Ndani nimeweka sponji ya kiti cha bodaboda, vipande vinne, ili isicheze kichwani, na kifeni kidogo cha kompyuta kinachotumia pawabenki, kwa sababu pumzi ikigonga miwani ile ya macho inaweka ukungu na MC atagonga keki. Niliijaribu mwenyewe. Unasikia moyo wako, na unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Dogo akanipiga picha. Nimemkataza kuituma.

Nilimtoza 150,000. Nilipotaja bei alisema kwa kuunganisha tu ni nyingi, nikamwambia basi nitenganishe. Alilipa nusu.

Tulivisimamisha vyote kwenye sanamu ya kushonea, klipu na sumaku zikiwa bado zimeng'ata, kofia juu. Mlinzi wetu wa usiku alifika kuripoti, akamulika tochi kupitia dirishani, akarudi hatua mbili.

"Mama, hilo litakaa hapo mpaka asubuhi?"

"Mpaka Jumamosi."

Akakaa kimya kidogo. "Basi naomba uligeuze liangalie ukuta."

Nikafungua tena kufuli, nikaligeuza.