Chai ya Saa Nne Ndani ya Kifaru

Ukutani mwa darasa ninamofundishia udereva hapa Ngamiani, Tanga, imetundikwa saa kubwa ya mishale. Mwezi uliopita niliishusha nikailaza mezani, nikaweka juu yake kiberiti kuwa ndiyo kifaru cha vita, upande wake mfupi ukielekea kwenye kumi na mbili, kisha nikawauliza wanafunzi wangu adui awe upande gani ili risasi yake isipenye. Walikisia kila mmoja kwa namna yake. Jibu lilikuwamo katika mwongozo ambao jeshi la Ujerumani liliwapa askari wa kifaru cha Tiger mwezi wa Agosti 1943: adui awe upande wa saa ya mlo.

Mwongozo huo unaitwa Tigerfibel, na neno Fibel kwa Kijerumani ni kile kitabu cha alifu anachopewa mtoto anapoanza kusoma. Tiger lilikuwa dude la tani 57 hivi, lenye injini ya nguvu za farasi 700, na mwongozo wenyewe ulimwambia askari kwamba kifaru kimoja kiligharimu Reichsmark 800,000, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, na saa 300,000 za kazi. Chombo cha thamani hiyo kilikabidhiwa vijana watano. Ofisa aliyeuandika, Josef von Glatter-Goetz, alifahamu kwamba kijana aliyechoka hasomi kurasa za maelezo makavu, na hata akizisoma hazikumbuki mizinga inapoanza kulia. Kwa hiyo aliandika kwa vina, akajaza vibonzo, akawapa wale watano majina ya utani. Dereva aliitwa Gustav, naye askari wa redio akaitwa Piepmatz, yaani kidege. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba wakubwa waliidhinisha kazi hiyo: ilitoka chini ya mamlaka ya Jenerali Heinz Guderian, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa majeshi ya vifaru.

Sasa nirudi kwenye saa ya mezani. Chuma cha mbele cha Tiger kilikuwa na unene wa milimita 100, na cha ubavuni milimita 80. Risasi inayokuja moja kwa moja inahitaji kupenya milimita hizo tu, lakini ikikigonga chuma kwa mshazari wa nyuzi 45, njia yake ndani ya kile cha mbele inakuwa milimita 141 hivi, na ndani ya kile cha ubavuni 113, au pengine inateleza na kwenda zake. Dereva, basi, alitakiwa kukisimamisha kifaru pembe ikimwelekea adui. Badala ya kumkaririsha nyuzi, mwongozo ulimpa nyakati nne za kula ambazo mshale mfupi huangukia kwenye pembe za kiberiti changu.

Hapo ndipo nilipoona raha ya kufundisha jambo hili kwa Kiswahili. Saa zetu zinahesabiwa tofauti na za Wajerumani, lakini mshale hausogei kwa sababu ya lugha. Ukiwa kati ya kumi na kumi na moja sisi tunasema saa nne na nusu, na hakuna mtu wa Tanga asiyeijua chai ya saa nne. Ukiwa kati ya moja na mbili ni saa saba na nusu, wakati wa chakula cha mchana. Kati ya nne na tano ni saa kumi na nusu, chai ya jioni. Na kati ya saba na nane ni saa moja na nusu, sufuria la usiku limekwisha epuliwa. Kijana mmoja aliyekuwa utingo wa malori kabla ya kujiunga nasi alipiga meza akasema, "Mwalimu, kumbe ni chai, chakula, chai, chakula!" Darasa zima lilicheka, nami sikuwa na la kuongeza.

Sisemi haya kuwasifu waliokitumia kifaru hicho. Kilitumika katika vita vya uvamizi vya utawala wa Kinazi, na mzaha wa mwandishi haulifuti hilo. Vibonzo vyake vingine ni vya wasichana waliochorwa ili kuvuta macho ya askari, na vile siwezi kuviweka mbele ya darasa langu, ambalo nusu yake ni wanawake. Ninachokitetea ni ile heshima kwa msomaji: mwandishi alikubali kwamba kusahau ni hali ya binadamu, naye akajitwisha mwenyewe kazi ya kumkumbusha.

Upande wa Marekani kazi ya namna hiyo ilifanywa na mchoraji Will Eisner, aliyechukuliwa jeshini mwaka 1942. Katika jarida la jeshi la mambo ya magari, Army Motors, alimtumia askari mzembe aitwaye Joe Dope ili wenzake waone gari linavyoharibika likikosa matunzo, na kuanzia mwaka 1951 hadi 1971 akaongoza uchoraji wa jarida lililofuata, PS. Matunzo kabla ya kuharibika ndilo somo gumu kuliko yote katika udereva, kwa kuwa gari zima halimwombi mtu kitu.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mwaka jana mwanafunzi wangu aliyekuwa amejibu sawasawa maswali yote ya karatasi kuhusu upoozaji wa injini alipanda mlima na lori kutoka Mombo kuelekea Soni, njia ya Lushoto, mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu, naye akaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu alitaka kufika kabla ya giza. Gasketi ya silinda hedi iliungua. Aliponisimulia alikuwa karibu kulia, na maelezo ya kitabu aliyafahamu neno kwa neno. Niliona kwamba nimemfundisha kujibu mtihani, sikumfundisha kukumbuka akiwa peke yake mlimani. Usiku ule niliketi nikatunga ubeti, vina viwili na mizani nane kila upande, kama walivyotufundisha wazee wetu wa Tanga:

Pima oili mapema, injini haijawaka,
Ukichelewa kupima, chuma kwa chuma hulika,
Rejeta nayo tazama, maji yasije kauka,
Mombo ukija kukwama, Lushoto hutaifika.

Sasa kila darasa linaanza kwa ubeti huo, nao wanaudai wenyewe nikiusahau. Juzi alfajiri nilipita penye maegesho ya malori nikamwona yule kijana aliyekuwa utingo, boneti iko wazi, anafuta kijiti cha oili kwa kitambaa na kukiinua kwenye mwanga wa taa ya barabarani. Hakuniona. Midomo yake ilikuwa inatembea, na alipofika kwenye rejeta aliinama akafungua kifuniko.