Nionyeshe chumba kwanza

Kikao changu cha mwanzo na mshauri kwa video nilikifanyia bafuni, bomba nimelifungua kidogo lilie, maana nyumba zetu za Michenzani, hapa Unguja, ukikohoa jirani anakwambia pole. Mimba ya miezi mitano ilikuwa imetoka, usingizi umenihama. Kwenda kuonana na mtu uso kwa uso sikuthubutu, huku kwetu ikitajwa tu Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, ushakuwa mwendawazimu, basi nikaona simu ndo stara.

Dakika kama ya ishirini hivi, nishaanza kulia, nikasikia upande wake kikombe kinawekwa juu ya kisahani. Na mikono yake yote miwili naiona! Nikamuuliza nani yupo hapo, akasema aah ni mwenzangu wa ofisini tu, usijali. Nikakata. Miezi mitatu sikumtafuta mtu mwengine, na wallahi nilikuwa namuhitaji.

Huyu nilie nae sasa yupo Dar. Siku ya kwanza, hata hatujaanza, kaichukua laptopu kaizungusha chumba kizima, mlango, dirisha, mpaka nyuma ya pazia, karudi kakaa kavaa hedifoni. Akanambia na mie nimwambie niko wapi, nani yupo karibu, na nimpe namba ya mtu mmoja ninaemwamini ikitokea nimezidiwa. Tukapatana na neno, nikimuuliza bei ya karafuu ajue kuna mtu kaingia. Nishalitumia mara mbili. Wifi yangu kafungua mlango anatafuta chaja, mie naulizia karafuu, na yeye ananitajia bei ya kilo bila ya kusita kama mfanyabiashara. Pale ndo moyo wangu ulipotua.

Lakini chumba ni nusu tu, kuna na kile anachokiandika. Kule Ufini kulikuwa na kampuni ya tiba hii hii ya mazungumzo, Vastaamo, kumbukumbu za wagonjwa wao ziliibiwa, na 2020 mwizi akawa anawaandikia wagonjwa mmoja mmoja, lipa yuro 200 kwa bitcoin au nayaanika yote uliyomwambia mtaalamu wako. Watu kama 33,000 waliibiwa siri zao! Mtu kashatoa la moyoni, leo anauziwa mwenyewe. Na wala hawakusikilizwa kwenye simu, ni faili tu zilizokaa bila ya ulinzi wa maana.

Kwa hivo nikamuuliza wangu waziwazi, unaniandika wapi? Akasema daftari la mkono, jina langu halimo, na linafungiwa kabatini. Unarekodi? Hapana, na wewe usinirekodi bila ya kunambia. Kuna kitu chochote unaweza kumwambia mtu? Akasema ndio, ukitaka kujidhuru au kumdhuru mwenzio sitonyamaza, ndo maana nikakuomba ile namba. Nilimshukuru kwa ile ndio yake, angesema hapana ningekata tena.

Muulizeni na wenu. Taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, humsumbui mtu ukiuliza.

Siku hizi Alkhamisi nakwenda kwa bibi Mwera, nakaa chumba cha uani na bando langu. Bibi anatia mkeka nje ya mlango anachambua mchele, akija mtu anamwambia mjukuu wangu kalala. Hajaniuliza hata siku moja nazungumza nini.