Kabati la Bibi na Vanishi Iliyokataa Kukauka

Kabati la droo nne nililorithi kwa bibi yangu mzaa mama, huko Mkunazini, Zanzibar, lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta ya kijani tabaka juu ya tabaka, hata maua yaliyochongwa pembezoni mwake hayakuonekana tena. (Bibi mwenyewe hakuziita droo, kwake zilikuwa ni watoto wa meza, ijapokuwa meza yenyewe haikuwapo.) Nilipokwaruza upande wa nyuma nikakuta mbao ya msaji (mtiki), niliazimia kuivua rangi yote badala ya kuongeza nyingine.

Kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, nilifanya kazi uani, watoto wakiwa mbali, nikavaa barakoa na kulowesha msasa ili vumbi lisiruke. Sehemu bapa nilizikwaruza kwa kipande cha kioo, kama wafanyavyo maseremala wetu, na maua niliyasafisha kwa kijiti chenye ncha, kazi iliyonichukua wiki nzima. Kisha nikapiga msasa namba 80, 120 na mwisho 220, kwa kufuata nyuzi za mbao.

Baada ya hapo nikaharibu. Mbao zilionekana zimepauka, nami nimekua nikiona milango ya Mji Mkongwe ikipakwa mafuta na kung'ara, kwa hivyo nikazisugua kwa mafuta ya nazi, na siku ya pili nikapaka vanishi juu yake. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Siku nne baadaye kidole bado kiliacha alama. Nikamlaumu muuza duka, nikaikwangua, nikanunua kopo jingine, nalo likanata vilevile.

Jirani yetu, mzee aliyefanya useremala maisha yake yote, aligusa ubao mara moja tu akacheka. "Mwanangu, msaji una mafuta yake, nawe umeulisha mengine. Vanishi itashika wapi?"

Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Hubaki majimaji ndani ya mbao, tofauti na mafuta ya kitani, ambayo huvuta hewa na kugeuka ngozi ngumu. Mlango unaopakwa mafuta matupu haudhuriki, kwa kuwa hauna vanishi ya kushikilia. Kabati langu lilikuwa na mafuta ya aina mbili, na unyevu wa masika juu yake.

Nililiacha hadi Julai, upepo wa kusi ulipokausha uwanja. Nikalifuta kwa tapentaini, nikibadilisha vitambaa mpaka kikatoka kisicho na doa, nikapiga msasa tena, na kabla tu ya kupaka nikafuta kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya msaji yaliyo juu juu. Mkono wa kwanza wa vanishi niliuzimua kwa tapentaini ili unywewe na mbao; miwili iliyofuata niliipaka ikiwa mizito zaidi, kila mmoja baada ya siku nzima na msasa mwepesi. Safari hii ilikauka.

Vipini vya shaba nilivisugua kwa ukwaju na chumvi, vikarudi rangi yake. Ndani ya droo sikupaka kitu, kwa kuwa bado zinanukia udi wa bibi. Ile ya chini hugoma kila mvua ikinyesha, nami huipaka nta ya mshumaa kingoni.