Kazi ya Tairi Iko Kabla ya Jeki

Watu wengi ninaowafahamu wanaendesha gari kila siku lakini hawajawahi kufungua hata nati moja ya gurudumu, na sababu wanayoitoa karibu wote ni ukosefu wa nguvu. Mimi siikubali sababu hiyo. Kubadilisha tairi lenye pancha kunahitaji utaratibu kuliko misuli, na sehemu kubwa ya utaratibu huo hufanyika wakati magurudumu yote manne bado yamekanyaga ardhi.

Mtu anapohisi usukani unavutwa upande mmoja, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu bila kukanyaga breki kwa ghafla, kisha atafute mahali tambarare na pagumu, mbali na kona na mbali na njia ya magari mengine. Ni kweli kwamba kujikokota mita mia kadhaa juu ya tairi lisilo na upepo kunaweza kuliharibu kabisa na hata kuumiza rimu, lakini ningekubali hasara hiyo kila mara kuliko kuchuchumaa huku malori yanapita nyuma ya mgongo wangu. Baada ya hapo huwashwa taa za dharura, huwekwa gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, na huvutwa breki ya mkono. Pembetatu ya kuakisi huwekwa nyuma, umbali wa kutosha kumwonya dereva anayekuja, na abiria hushuka na kusimama mbali na barabara.

Jambo linalosahaulika mno ni kuzuia gurudumu lililo kimshazari na lile lenye pancha, kwa jiwe au kipande cha mti. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, breki hiyo hubaki ikilizuia gari kwa gurudumu moja tu lililo chini.

Sasa zije nati, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Nati hulegezwa kabla ya gari kuinuliwa, kwa sababu gurudumu lililo hewani huweza kuzunguka pamoja na spana, na kulivuta kwa nguvu katika hali hiyo kunaweza kuliangusha gari kutoka juu ya jeki. Spana inayokuja na gari huwa na mkono mfupi, ndiyo maana watu huishindwa wanapoivuta kuelekea juu. Ivalishe nati mpaka ikae barabara, mkono wake ulale upande wa kushoto sambamba na ardhi, kisha usukume kuelekea chini kwa uzito wa mwili, au ukanyage kwa mguu kwa utulivu, bila kurukaruka. Uzito wa mtu wa kawaida hutosha kulegeza nati nyingi, na kipande cha bomba la chuma kilichovishwa kwenye mkono wa spana huongeza nguvu zaidi. Robo mzunguko au nusu inatosha. Nati zisitolewe bado. Baadhi ya magari yana nati moja ya kuzuia wizi katika kila gurudumu, ambayo haifunguki bila soketi yake maalumu, na soketi hiyo inafaa kutafutwa leo, kabla ya siku ya pancha.

Jeki ina mahali pake, palipoonyeshwa katika kitabu cha gari na mara nyingi pakiwa na alama kwenye ukingo wa chini wa bodi, karibu na kila gurudumu. Ikiwekwa kwingine huweza kukunja bati au kuteleza. Kwenye udongo laini iwekewe ubao mpana chini yake. Gari liinuliwe juu zaidi ya inavyoonekana kutosha, kwa kuwa tairi lililojaa upepo huhitaji nafasi kubwa kuliko lile lililolala. Tairi la akiba mimi huliweka kwanza chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi hilo. Mwili wa mtu usiingie chini ya gari hata kidogo.

Gurudumu likikataa kutoka baada ya nati kulegea, mara nyingi ni kutu kati ya rimu na habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Nati ziachwe zimeshika nyuzi chache, kisha tairi lipigwe kwa kisigino upande huu na upande ule mpaka liachie.

Wakati wa kufunga, nati zianzwe kwa vidole, upande wake uliochongoka ukielekea kwenye rimu, bila kupakwa mafuta wala grisi. Zikazwe kidogo kwa kuvukavuka, yaani nati moja kisha ile iliyo upande wa pili, siyo kwa kufuata duara, ili rimu ikae sawasawa. Kisha gari lishushwe na zikazwe kabisa kwa mpangilio huohuo. Magari mengi madogo hutaka nguvu ya kukaza ya nyutoni mita kati ya 80 na 140, na kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena.

Tairi jembamba la akiba ni la muda tu: kwa kawaida halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mengi yake hutaka upepo wa psi 60, takriban maradufu ya tairi la kawaida. Upepo huo hupungua hata tairi likikaa tu kwenye buti, kwa hiyo lipimwe kila matairi mengine yanapopimwa. Tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira huzeeka hata kama haujawahi kugusa barabara.