Seva ilivyonifanya konda wa ofisi

Seva ya ofisi, yaani kompyuta kuu tunayoitegemea wote, ilipotugomea, fundi wa kwanza aliniambia kwenye simu, "Braza, hiyo ndogo. Futa kitu kimoja tu kwenye rejista ya Windows, unapata siku 120 nyingine." Wa pili akasema tupige Windows upya. Wa tatu, ambaye ndiye aliyetuuzia leseni, akasema tuongeze leseni. Wote watatu walichemka. Aliyepata jibu ni mimi, mhasibu msaidizi niliyepewa cheo cha IT kwa sababu najua kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Tuko mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tunauza spea za magari, na stoo kubwa iko Vingunguti. Programu ya mahesabu iko kwenye seva moja ya Windows Server 2019, na kila mtu, wa dukani na wa stoo, anaingia humo kwa Remote Desktop, yaani anaitumia seva akiwa kwenye kompyuta yake. Kijana aliyeifunga Novemba 2024 alituonyesha inavyofanya kazi, akala pilau letu, akachukua chake akaondoka. Habari ya leseni hakuigusa. Na sisi tungeuliza nini wakati kitu kinafanya kazi?

Jumanne ya tarehe 18 Machi, saa mbili na nusu asubuhi, hakuna aliyeweza kuingia. Kila kompyuta inasema haikupatikana seva ya kutoa leseni. Tarehe 20 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani ya VAT ya Februari. Na mwaka huo Ramadhani na Kwaresima ziligongana, kwa hiyo ofisi nzima ina njaa na hata kikombe cha chai cha kumpoza mtu huna wa kumpa.

Niliposoma kwamba Microsoft wanakuachia siku 120 za kutumia huduma hiyo bila leseni, nilishusha kalenda ya ukutani nikaanza kuhesabu kwa kalamu. Kutoka 18 Novemba mpaka 18 Machi, siku 120 kamili. Wadai wangu wengine wote hawako makini kiasi hicho.

Nikiri kwamba ushauri wa yule fundi wa kwanza nilianza kuufuata. Nilifungua rejista, yaani daftari la ndani Windows inamoandika mipangilio yake, nikakifikia hicho kitu cha kufutwa, Windows ikanigomea. Nikampigia. Akasema, "Jimilikishe kwanza, halafu futa." Mama mhasibu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akauliza, "Mwanangu, hiyo si ndiyo kama kurudisha nyuma kilomita za gari?" Watu wa spea huwezi kuwaficha kitu. Nikafunga rejista. Leseni hupati kwa njia hiyo, unapata tu miezi minne mingine ya kungoja aibu ileile.

Ritani tuliiokoa kwa kumkalisha mama mwenyewe mbele ya seva, kwa kibodi na skrini yake, maana leseni hizi ni za wanaoingia kutoka mbali. Kile chumba ni kama kabati, na kiyoyozi hakizimwi. Alifanya kazi amejitanda kanga mbili na koti la mlinzi, mpaka Jumatano usiku akamaliza. (Kama seva yako haina skrini, andika mstsc /admin kwenye kompyuta nyingine ndipo uunganishe, utaingia. Lakini mlango huo ni wa msimamizi kurekebisha seva, msiugeuze wa kuingizia ankara.)

Tukanunua leseni. Muuzaji alianza na za 2016 kwa bei ya kutupa. Ziogope: leseni za toleo la nyuma hazikubaliki kwenye seva ya toleo la mbele. Tulipokubaliana za 2019 akauliza, "Mko wangapi?" Nikasema kumi. Akaandika leseni kumi za mtumiaji, milioni nne na kitu, tukalipa. Shika hilo swali lake, tutalirudia.

Kuweka huduma ya leseni na kuiamsha kwa intaneti sielezi, ni kubofya tu. Kilichonisumbua ni kwamba leseni kumi zinaonekana kabisa, halafu watu bado hawaingii. Hapo ndipo nilipokutana na lsdiag.msc, ambayo hakuna fundi aliyenitajia. Ukiifungua inakuambia wazi kinachokosekana: kwangu, seva haijaambiwa aina ya leseni wala pa kuziomba. Nikaingia gpedit.msc, panapopangwa sera za Windows, nikaandika jina la seva, nikachagua leseni za mtumiaji, nikazima nikawasha. Watu wakaingia. Nikapigiwa makofi. Bosi akanipa elfu ishirini ya futari.

Kabla futari haijaiva, skrini zote zikaleta ujumbe mwingine: kuna tatizo kwenye leseni yako, utakatwa baada ya dakika 60.

Na kweli unakatwa. Unaingia tena, unapata saa moja nyingine, unakatwa tena. Mtu wa mauzo akiwa katikati ya ankara ya vitu arobaini, kwisha. Siku ya kwanza nilitukanwa kwa lugha tatu. Siku ya pili nikabuni mfumo. Wote waliingia kwa pamoja saa mbili kamili, nami nikaweka kengele kwenye simu. Dakika ya 55 inalia, nasimama katikati ya ofisi: "Mwisho wa gari! Seviiini, mshuke!" Wanasevu, wanatoka, wanapanda upya. Vingunguti nilikuwa nawapigia simu, nao wananijibu, "Konda, tunashuka." Mteja mmoja aliyekuja kununua bushi alidhani tuna mazoezi ya moto, akatoka nje na bushi zetu mkononi. Karibu wiki mbili nilikuwa konda, mara nane kwa siku. Na nilikuwa najisikia hodari, ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana jibu lilikuwa ndani ya ule ujumbe na mimi niko bize kupiga debe.

Jumapili moja nikiwa nyumbani Tabata niliunakili ujumbe ule neno kwa neno nikautafuta. Jibu lilikuwa mstari mmoja kwenye maelezo ya Microsoft wenyewe. Leseni za mtumiaji zinahitaji seva iwe ndani ya domeni, yaani Active Directory, ndiko watumiaji wanakotambuliwa. Seva yetu haina domeni, imekaa peke yake kama mseja. Seva ya namna hiyo inataka leseni za kifaa. Ningeweza kujenga domeni, lakini kwa watu kumi wa spea ni kununua basi ili umpeleke mtoto mmoja shule.

Sasa rudi kwenye lile swali. Angeuliza, "Mna kompyuta ngapi?" ningesema saba, kwa sababu Vingunguti watu wanne wanapokezana moja. Tungelipia saba! Nilipomrudia alisema leseni ikishafunguliwa ni kama soda. Nikachapisha yale maelezo, nikakaa dukani kwake kuanzia adhuhuri, na kila mteja akiingia namuuliza kwa upole kama seva yake ina domeni. Baada ya Idd tukabadilishiwa kumi za kifaa. Tofauti hakurudisha.

Nikabadilisha aina kule gpedit.msc, dakika 60 zikatoweka. Usishtuke ukiona leseni za muda: kifaa kikiingia mara ya kwanza kinapewa ya siku 90, na mtu akiingia mara ya pili ndipo kinapewa ya kudumu. Kompyuta moja ya Vingunguti, tuliyoinunua mtumba, iligoma kwa sababu ilikuja na kumbukumbu ya leseni ya ofisi nyingine. Nilifuta MSLicensing, sehemu inayotunza kumbukumbu hiyo, kwenye rejista ya kompyuta yenyewe, si ya seva, nikafungua Remote Desktop kama msimamizi mara moja, ikatulia.

Juzi tuliongeza kompyuta ya dukani na ikabaki na leseni ya muda. Nikaangalia orodha. Saba zetu, ya nane laptopu ya bosi, ya tisa simu ya bosi, ya kumi tableti ya bosi. Kunyang'anya kifaa leseni inaruhusiwa, lakini asilimia 20 tu kwa wakati mmoja, kwetu sawa na mbili. Nikamfuata ofisini kwake.

"Mzee, wewe peke yako umekalia siti tatu."

"Kwani mimi si mtu mmoja?"

"Seva haihesabu watu tena, mzee. Inahesabu vyombo."

Akaitazama tableti, akaitazama simu. "Haya konda, shusha tableti. Simu iache."