Pikipiki ya kubebea mtu: anza kuikagua kwa nyuma

Mtu akitaka kununua pikipiki, maswali ya kwanza ni yale yale: cc ngapi, inakula mafuta kiasi gani, spea zake zipo? Ni maswali mazuri, ila yote ni ya anayeshika usukani. Kama chombo kitabeba mke, mama mzazi, mtoto anayekwenda shule au abiria wa kulipa, ukaguzi uanzie katikati ya kiti kurudi nyuma. Na huyo utakayembeba nenda naye dukani. Pikipiki tupu haikuambii kitu.

Anza na kilo. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito ambao chombo kinaruhusiwa kubeba, dereva akiwemo. Kwa hizi za cc 100 hadi 150, mara nyingi ni karibu kilo 150. Dereva wa kilo 75 na abiria wa kilo 75 wameshaumaliza, na bado hujaweka kiroba cha unga. Muulize muuzaji akuonyeshe ukurasa huo kabla hujasikiliza habari za mwendo kasi.

Kisha mwambie mwenzako apande, nawe usimame pembeni utazame makalio yake yako wapi. Yakiwa mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma, au juu yake kabisa, ni sawa. Yakipita nyuma ya ekseli, uzito wake unafanya kazi ya mtaimbo: gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaelea hasa ukiwa unapanda mlima. Ndiyo maana karia si kiti, hata ukiiwekea godoro.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni vikanyagio vya abiria vimefungwa wapi. Inama, ufuate chuma chake. Kwenye pikipiki nyingine vimeshikwa na fremu, kwenye nyingine vimeshikwa na swingi amu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Vya swingi amu vinapanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo kila shimo linampiga abiria magotini wakati kiti chake kimetulia. Safari ya dakika 10 hatalalamika; ya saa nzima ataomba kushuka. Kuhakikisha ni rahisi: kandamiza kiti kwa mikono miwili. Kikishuka na vikanyagio vikabaki palepale, hiyo ni ya swingi amu. Mimi ningelipa zaidi kupata ya fremu.

Sasa nguo. Baibui, kanga, dera na ncha ya mtandio vina hatari moja kubwa: spoku na cheni. Pikipiki nyingi zinazotoka India huja na ngao ya waya au bati ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu sheria ya huko inadai gurudumu lifunikwe angalau nusu ili nguo ya abiria isinaswe. Wanawake wengi wa huko huvaa sari na hukaa upande. Huku kwetu ngao hiyo ndiyo kitu cha kwanza kung'olewa, ama kupisha karia ama kwa kuona ni urembo. Usikubali ing'olewe. Ukikuta iliyotumika haina, tafuta ngao hiyo na kava la cheni kabla ya kununua redio. Na umzoeshe abiria kupanda na kushukia kushoto, maana ekzosi kwa kawaida iko kulia, na ndiyo inayowaachia watu lile kovu la ndani ya mguu.

Shokapu za nyuma nyingi zina pete ya kukazia springi, ya ngazi tano, kwa chini. Huzungushwa kwa spana ya ndoano, ambayo huja na pikipiki. Ukiwa peke yako acha ngazi ya kwanza au ya pili. Ukibeba mtu panda ya tatu au ya nne, kulia na kushoto sawa. Pima: kutoka ekseli hadi alama moja kwenye fremu, kwanza tupu, kisha mkiwa wawili mmekaa. Ikiwa shokapu imeshamaliza zaidi ya nusu ya mwendo wake kabla hamjaondoka, kila tuta litagonga chuma kwa chuma.

Hapo hapo mkiwa mmekaa, mtu wa tatu aguse cheni. Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. Cheni hukaza zaidi pale ekseli ya nyuma, bolti ya swingi amu na sproketi ndogo (gia ya meno ya mbele inayovuta cheni) zinapokaa mstari mmoja, na akipanda abiria gurudumu linausogelea mstari huo. Kwa hiyo cheni iliyoachiwa icheze milimita 20 hadi 30 juu na chini pikipiki ikiwa tupu itakuwa sawa. Iliyokazwa ikabaki 10 tu itakuwa kama waya wa gita mkiwa wawili. Inakula beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, oili inaanza kuvuja nyuma ya sproketi ndogo, na mwenye chombo anabadilisha sili (raba ya kuzuia oili) mara kwa mara akidhani sili ni feki.

Matairi ya daraja hili huwa 2.75-17 mbele na 3.00-17 au 3.00-18 nyuma. Ubavuni kuna namba kama 50P. Hiyo 50 maana yake tairi linabeba kilo 190, si zaidi. Piga hesabu: pikipiki kilo 115, watu wawili 150, jumla 265, na nyuma kunakaa takriban 170. Linatosha. Ongeza mshikaki, abiria wa pili wa kilo 70 aliyekaa nyuma ya ekseli, na uzito wake wote, na zaidi kidogo, unashukia tairi lile lile: zaidi ya 240. Tairi la 190. Upepo nao, kwa pikipiki nyingi za Kihindi, ni psi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba mtu.

Breki: uzito ukitoka kilo 190 (pikipiki na dereva) kwenda 265 (mkiwa wawili) umeongezeka karibu asilimia 40, na breki ni zile zile. Diski mbele ni bora kuliko ngoma, hasa kwenye miteremko mirefu kama ya kushuka Lushoto kuja Mombo, ambako ngoma hupata moto na kushika kidogo. Kwenye ngoma ya nyuma tazama mshale ulio kwenye mkono wa breki; kanyaga, na ukifika mwisho wa alama, viatu vya breki vimekwisha.

Kuhusu cc sina maneno mengi. Mjini tambarare 100 inatosha watu wawili, 125 ni raha zaidi, na penye milima chukua 150. Kama umeshanunua ndogo, sproketi ya mbele ikitoka meno 14 kuwa 13 inaongeza nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu unapungua kiasi hicho hicho.

Skuta je? Zanzibar vespa ni chombo cha kila siku, na kwa abiria mwenye nguo ndefu haina mpinzani: hakuna cheni wala spoku, na kiti ni kipana. Tatizo ni gurudumu la inchi 10 au 12, ambalo huingia lote kwenye shimo ambalo la inchi 17 lingelipita juu. Injini pia iko nyuma, kwa hiyo abiria mzito kwenye mlima hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi upesi. Zile za gia za zamani zisizo na tenki la oili la pembeni zinataka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Ukipunguza ili kubana matumizi, pistoni inakwama, na hukwama ukiwa umebeba mtu na injini ina moto. Za otomatiki, ukisikia harufu ya raba ukiondoka mlimani mkiwa wawili, mkanda unateleza. Ufunguliwe upimwe upana.

Pikipiki ya mkononi, yaani iliyotumika, isimamishe kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza huku ekseli imekazwa, ni beringi au bushi za swingi amu. Peke yako hutaisikia barabarani. Akikaa abiria, kwenye kona, mkia utatembea.