Mwaka mmoja na kabichi ya kicheche: kumbukumbu za kinamasini

Mwishoni mwa Februari

Mradi wenyewe ni huu: kuufuata mmea mmoja wa kinamasini tangu unapochomoza kwenye theluji hadi majani yake yanapooza. Mmea niliouchagua ni Symplocarpus foetidus, ambao Wamarekani huuita kabichi ya kicheche kwa sababu ya harufu yake. Unaota mashariki mwa Amerika Kaskazini, kuanzia Nova Scotia na Quebec mpaka Minnesota, kisha unateremka hadi North Carolina na Tennessee. Kinamasi ninachokifuatilia kiko Massachusetts, mahali ambapo maji ya chemchemi hupenya kwenye tope mwaka mzima.

Na kabichi hauna undugu wowote. Ni wa familia ya Araceae, ukoo mmoja na magimbi, na aliyewahi kulima magimbi ataitambua mara moja ile tabia ya majani kutoka ardhini bila shina la juu. Ila mmea huu hutanguliza maua. Majani hufuata baadaye.

Maua yameshatoka. Theluji ingali imetanda kote, lakini pale yalipo imeyeyuka na kuacha mashimo ya duara, na tope jeusi linaonekana ndani yake. Spatha, yaani lile jani lililogeuka kuwa kifuko cha kuzunguka maua, haifiki shubiri moja. Rangi yake ni damu ya mzee, yenye madoa na michirizi ya kijani na manjano, na ncha imejikunja kwa mbele. Ukiibonyeza kidogo unahisi ni nene na imejaa hewa kama sifongo, jambo linaloisaidia kuzuia joto lisitoke. Ndani yake kuna spadiksi, kirungu kifupi kilichosongamana maua madogo. Kila ua lina vipande vinne vya nje na stameni nne, yaani viungo vya kiume vinavyotoa chavua. Petali za kupendeza hakuna, na hayo maua hayazihitaji.

Mwanzoni mwa Machi

Nimekuja na kipimajoto chenye sindano nyembamba. Asubuhi hewa ilikuwa nyuzi 3 chini ya sifuri. Sindano ilipogusa spadiksi, kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 17 za Selsiasi. Nilirudia kwenye ua la jirani, nalo likaja karibu na hapo hapo. Kuona namba hizo kwa macho yangu kumenifurahisha kuliko kurasa zote nilizowahi kusoma kuhusu mmea huu.

Joto hilo halitokani na jua. Linatengenezwa na mmea wenyewe kwa kuunguza wanga uliohifadhiwa chini ya tope, kwenye shina nene linalokaa ardhini. Kwa kawaida, nishati inayopatikana chembe hai za mmea zinapovuta oksijeni huwekwa akiba katika kemikali itakayotumika baadaye. Hapa kuna kimeng'enya ndani ya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya chembe hai vinavyozalisha nishati, kinachofungua njia ya mkato, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inatoka kama joto tu.

Mwaka 1974 mtafiti Roger Knutson alichapisha katika jarida la Science vipimo vyake vya mmea huu: spadiksi ilikuwa na joto la nyuzi 15 hadi 35 zaidi ya hewa iliyoizunguka, na hali hiyo ilidumu kwa wiki mbili na ushei. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo mmea unavyovuta oksijeni kwa kasi, hata ukakaribiana na mnyama mdogo mwenye damu moto aliye na uzito kama huo. Mmea unaopandisha na kushusha moto wake kufuatana na hali ya hewa! Mimi hilo bado linanishangaza.

Je, joto ni la nini? Maelezo ya kawaida ni kwamba husambaza harufu inayowaita nzi. Sikatai, maana wadudu nimewaona: nzi wadogo, mbawakawa, siku moja yenye jua hata nyuki waliotoka na chavua miguuni. Buibui nao wameshajua, wametega utando kwenye mlango wa spatha. Lakini kila ua huanza kwa hatua ya kike, stigma, yaani ncha za viungo vya kike, zikiwa tayari kupokea chavua, ndipo baadaye stameni zinapojitokeza. Joto hutunzwa vizuri katika ile hatua ya kike, na chavua ikishaanza kumwagika linayumba na kushuka. Kwa hiyo nadhani kazi yake nyingine, tena kubwa, ni kuzikinga ovari, yaani sehemu zinazobeba mbegu changa, dhidi ya baridi kali ili mmea uweze kuchanua kabla ya mimea mingine yote.

Aprili

Majani yamefumuka. Yanatoka yakiwa yamesokotwa kama mwavuli uliofungwa, kisha yanajikunjua kwa haraka. Jani lililokomaa linaweza kufika urefu wa sentimita 55 na upana wa 40. Nimepasua kipande kidogo kwa vidole: harufu imetoka papo hapo, kali, ya kicheche kweli, na imekaa mkononi hadi jioni. Jani lisilojeruhiwa halinuki.

Hapa naomba mnaopenda kuchuma mimea ya porini mnisikilize vizuri. Majani haya yana sindano ndogo sana za kalsiamu oksalati zinazochoma ulimi na koo kwa maumivu makali. Dubu weusi huyala machipukizi yake majira haya, lakini hilo lisimdanganye mtu. Tena kwenye tope lile lile huota mmea mwingine, Veratrum viride, wenye sumu mbaya zaidi, na machipukizi yake hufanana na haya kwa mbali. Tofauti iko wazi ukiinama: Veratrum ina shina linalosimama, na majani yake yana mikunjo mirefu yenye mishipa inayokwenda sambamba. Kabichi ya kicheche haina shina la juu, na mishipa ya jani lake imetawanyika kama wavu.

Juni

Mvua kubwa imebomoa ukingo wa kijito na kuacha mmea mmoja mkubwa ukiwa wazi upande mmoja. Nilikaa hapo muda mrefu. Mizizi ni minene, mingi, imeenea pande zote, na kila mmoja una makunyanzi ya duara. Makunyanzi hayo ndiyo siri yake: mzizi ukishashika tope, hujifupisha na kulivuta shina chini. Kila mwaka mmea unazidi kujizamisha, ndiyo maana mkongwe wake haung'oki kwa nguvu za mikono. Tangu siku hiyo nimeacha kuyahesabu majani na maua kuwa ndiyo mmea. Mmea wenyewe uko chini, unaishi miongo kadhaa, na hivi vya juu ni matumizi ya akiba yake.

Agosti

Majani yamekwisha, na hayakukauka wala kupukutika. Yana maji mengi, basi yanatoboka, yanalainika na kuyeyukia topeni. Kilichobaki ni tunda: bonge la rangi nyeusi-zambarau, lenye mikunjo, limelala juu ya tope. Nililikata moja. Nyama yake ni kama sifongo, na mbegu za mviringo zimepangwa chini kidogo ya ganda. Mengi hayaendi mbali. Yanaoza pale pale na mbegu zinaota karibu na mama.

Oktoba

Nilipofukua majani makavu yaliyoanguka kutoka kwenye miti nikakuta ncha ngumu zilizochongoka, zimesimama sentimita chache juu ya tope. Ni spatha za mwakani, tayari zimeundwa. Zitakaa hivyo hadi baridi ilegee.

Hatua inayofuata: kuweka kipimajoto kinachorekodi chenyewe usiku kucha, sindano moja kwenye spadiksi, nyingine hewani na ya tatu topeni. Nataka kuona mstari wa spadiksi unavyokwenda saa za alfajiri, hewa inapofikia baridi yake ya mwisho, na nataka kujua unashuka siku ile ile chavua inapoanza kutoka au unatangulia. Mimea nitakayoipima nimeshaiwekea vijiti vyenye namba.